Anayewatazama Wanaotazama Maji

Kazi ya kusimamia bwawa la kuogelea la umma huanza kwa kulala kifudifudi. Asubuhi na mapema, kabla lango halijafunguliwa, msimamizi wa bwawa ninakoogelea hapa Nairobi hulala juu ya vigae vya ukingoni upande wa kina kirefu, akasogeza uso hadi karibu na maji, akatazama chini. Anatafuta kifuniko cha tundu la kutolea maji, kilichoko sakafuni mita mbili chini yake. Kukiona tu hakumtoshi. Anataka kuyaona matundu yake moja moja, na skrubu zake zote. Vikionekana wazi, watu wanaweza kuingia. Kifuniko kikiwa kivuli tu, lango halifunguliwi, hata kama foleni imefika barabarani.

Sababu yake huieleza kwa maneno machache: asipokiona kifuniko yeye, mwokoaji aliye kwenye kiti hatamwona mtoto aliyelala kando yake. Ukungu kidogo ambao muogeleaji wa juu hata hautambui unatosha kumficha mtu mzima sakafuni. Hapo cheti cha mwokoaji, boya lake na filimbi yake havina la kufanya.

Skrubu nazo zina kisa chao. Mwaka 2002 nchini Marekani, msichana wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje James Baker, alinaswa na mfyonzo wa tundu la chini la jakuzi. Mama yake alijaribu kumvuta akashindwa, kwa kuwa pampu ilikuwa ikimvuta upande wa pili. Mtoto akafa. Mwaka 2007 ilipitishwa sheria yenye jina lake, inayodai vifuniko vilivyotengenezwa kwa namna ambayo mwili wa mtu hauwezi kuviziba na kunaswa. Sheria hiyo ni ya huko, lakini mfyonzo wa pampu haujui mipaka. Katika bwawa hili, skrubu moja ikilegea maji hukaa bila watu mpaka ikazwe.

Wafanyakazi wake humwita Kocha, kama ilivyo desturi ya mabwawa mengi ya hapa, ambako kila mwenye filimbi ni kocha. Nami namwita hivyo hivyo. Ni mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini, hatua zake za polepole, na mgeni anaweza kudhani hana kazi nyingi. Humwoni akikimbia wala kufoka. Humwona akitembea kando ya maji, akisimama, akihamisha kiti hatua mbili, akiongea na kijana mmoja, akitembea tena. Inachukua muda kuelewa kwamba kila kituo kati ya hivyo kina sababu, na kwamba sababu hiyo aliifikiria tangu jana.

Tuanze na maji, kwa kuwa yeye huanzia huko. Huchota kwa kichupa, mkono ukiwa umezama hadi karibu na kiwiko, mbali na mdomo wa bomba linalorudisha maji yaliyochujwa. Maji ya juu hudanganya, asema, na ya mdomoni mwa bomba hudanganya zaidi. Katika kichupa kimoja huweka kidonge kinachoyageuza maji kuwa ya waridi. Uwaridi ukikolea, klorini ipo ya kutosha. Katika kingine hudondosha dawa inayoonyesha pH: njano ni uchachu, wekundu ni kupita kiasi upande wa pili, na yeye hutafuta rangi iliyo katikati. Kisha huviinua vyote viwili mbele ya karatasi nyeupe, kwa sababu rangi ikitazamwa mbele ya anga au ukuta wa buluu hubadilika.

Klorini miligramu 1 hadi 3 kwa kila lita, pH kati ya 7.2 na 7.8: hizo ni namba ambazo mtu anaweza kuzikariri kwa dakika moja. Ufundi uko katika kujua zinavyoshikana. Klorini iliyomo majini haiko katika hali moja. Sehemu yake ni kali na huua vijidudu upesi, sehemu nyingine ni dhaifu, na pH ndiyo inayogawa. Kwenye pH ya 7.2 karibu theluthi mbili yake huwa katika hali ile kali. Ikipanda hadi 8, hubaki karibu robo tu. Sasa mfikirie mhudumu asiyelijua hilo. Anaona maji yameanza kuwa mabaya, anamwaga ndoo nyingine ya klorini ya unga. Unga huo wenyewe hupandisha pH. Kadiri anavyomwaga ndivyo anavyoipunguza nguvu dawa aliyoinunua kwa pesa nyingi, na kesho yake anashangaa maji yamekuwa ya kijani. Kocha hurekebisha pH kwanza, husubiri maji yazunguke kwenye chujio, hupima tena, ndipo agusapo klorini. Kuwa na subira ya namna hii mbele ya mwenye bwawa anayetaka lango lifunguliwe saa mbili kamili si jambo dogo.

Kuna harufu ambayo watu wengi huichukulia kuwa ndiyo harufu ya usafi, ile inayokuchoma pua na kukufanya uwe na macho mekundu. Hiyo ni harufu ya klorini iliyokwisha kushikamana na jasho na mkojo. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki hivyo. Ndiyo maana Kocha huweka mtu mlangoni kuhakikisha kila anayeingia amepita bafuni kwanza, na humwambia mtu huyo kwamba kazi yake ni sawa kwa uzito na ya aliye kwenye kiti.

Stoo yake ya dawa ningependa kila mwenye bwawa aione. Klorini na asidi hazikai chumba kimoja, hazichotwi kwa kopo moja, wala hazibebwi na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Kijana mpya hufundishwa hilo siku yake ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa mahali pa kuweka viatu. Hufundishwa pia kwamba unga humwagwa ndani ya maji, maji hayamwagwi juu ya unga. Kisha huambiwa ayarudie maneno hayo kwa mdomo wake mwenyewe.

Lakini maji ndiyo nusu nyepesi ya kazi yake. Nusu nzito ni vijana wa miaka ishirini na kitu wanaoketi juu ya viti virefu na kutazama.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kutazama ni rahisi: anayezama atapiga kelele, atapunga mikono, na wewe utaruka umtoe. Aliyetuondolea fikra hiyo alikuwa mwenyewe mkuu wa waokoaji. Frank Pia alisimamia waokoaji katika ufuo wa Orchard Beach, Bronx, mjini New York, na aliwapiga filamu watu waliokuwa wakizama kwelikweli hadi walipofikiwa. Filamu yake ilitoka mwaka 1970. Alichokionyesha ni kwamba asiyejua kuogelea anapozama hawezi kuita, kwa kuwa mdomo wake huibuka kwa muda unaotosha kuvuta pumzi tu kabla haujazama tena. Hawezi kupunga mkono, kwa sababu mikono yake miwili inakandamiza maji pembeni kujaribu kujiinua. Mwili husimama wima, miguu haipigi, kichwa kimelalia nyuma. Yote hayo huchukua kati ya sekunde 20 na 60, na kwa aliye ukingoni yanafanana na mtoto anayecheza.

Kocha huwafundisha vijana wake kwa mwili. Nimemwona akiingia majini na kanga yake juu ya nguo za kuogelea, akajisimamisha wima upande wa kina kirefu, akainamisha kichwa nyuma, akakaa kimya. Vijana walisimama ukingoni. Hakuna aliyesema neno. Aliporudi ukingoni aliwauliza, "Mmesikia nini?" Wakajibu, "Hatujasikia kitu, Kocha." Akasema, "Ndiyo sauti yenyewe."

Sehemu anayoihofia kuliko zote si ile ya kina kirefu. Ni pale sakafu inapoanza kuteremka. Mtoto asiyejua kuogelea hutembea kwa miguu kutoka upande mfupi, maji yakimfika kifuani, kisha mabegani, kisha anatembea kwa ncha za vidole, akirukaruka ili mdomo ubaki juu. Hatua moja zaidi na hana pa kukanyagia, na kila akiruka anateremka mbele kidogo. Kamba ya vielea iliyovutwa juu ya mteremko huo huikagua kila siku kwa kuivuta kwa mkono, na kiti kimoja amekiweka pale makusudi, ingawa mchoro wa zamani wa bwawa ulikuwa umekiweka kwenye kona.

Viti vyake huhama. Asubuhi jua hutokea mashariki na kumwaga mng'ao juu ya nusu ya maji. Alasiri mng'ao huhamia nusu ya pili. Anayetazama kuelekea kwenye mng'ao haoni chini ya uso wa maji, anaona kioo. Saa tisa alasiri Kocha hupanda mwenyewe kwenye kila kiti, hukaa kidogo, hushuka, na pengine huamuru kisogezwe au kigeuzwe. Alama za rangi amezipaka kwenye saruji kuonyesha mahali pa miguu ya kiti: moja ya asubuhi, moja ya alasiri, na nyingine ya Julai, jua la Nairobi linapokuwa dhaifu na limeinama kaskazini.

Macho ya binadamu nayo huchoka kwa namna ambayo mwenyewe haijui. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na tatizo la watazama rada waliokuwa wakizikosa alama za nyambizi kadiri zamu ilivyoendelea. Mwanasaikolojia Norman Mackworth akatengeneza saa isiyo na namba, ambayo mshale wake ulisogea hatua moja kila sekunde, na mara chache sana ukaruka hatua mbili. Watu waliketi mbele yake kwa muda wa saa mbili wakingoja ile miruko. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalionyesha kwamba baada ya nusu saa ya kwanza walikuwa wameanza kuikosa kwa kiasi kinachoonekana. Hawakuwa wavivu wala wazembe. Ndivyo tulivyoumbwa.

Kwa hiyo hakuna anayekaa kiti kimoja zaidi ya dakika 20 katika bwawa hili. Na namna wanavyopokezana ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote. Anayeingia zamu hufika na kusimama chini ya kiti, uso kwenye maji, mgongo kwa mwenzake. Hapandi. Hutazama sakafu kwanza, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha katikati ya maji, kisha juu. Akimaliza husema, "Nimeyapokea." Hapo ndipo aliye juu huanza kushuka, kwa kuwa anayeshuka ngazi hugeuza uso, na kwa sekunde hizo macho ya mwenzake yako kazini. Akifika chini, huyu aliyeshuka hutazama tena naye, na yule mpya hupanda. Kisha maneno, wote wawili wakiwa wameelekea majini, hakuna anayemtazama mwenzake:

"Wa kaptura ya kijani anatembea kwa vidole, karibu na kamba."

"Nimemwona."

"Wale wawili wa kona wanashindana pumzi. Nimewakataza mara moja."

"Sawa."

"Mama wa mtoto mwenye maboya ya mikononi ameenda kununua chakula."

"Mtoto yuko kwenye ngazi. Nimempata."

Ndipo wa kwanza huondoka. Mambo hayo yote huisha upesi, na waogeleaji hawajui kwamba wametajwa. Nimeangalia makabidhiano ya zamu hospitalini na katika vituo vya walinzi, na ni mara chache sana nimeona yakifanywa kwa adabu kama hii.

Hao wanaoshindana pumzi wanahitaji maneno yao, maana wazazi wengi huwatazama na kucheka. Kijana anayejua kuogelea vizuri huvuta pumzi nyingi za haraka haraka, kisha huzama kuona atakaa chini muda gani. Zile pumzi za haraka hupunguza hewa ya ukaa mwilini, na hewa hiyo ya ukaa ndiyo inayouambia ubongo kwamba muda wa kuvuta pumzi umefika. Ikipungua, hamu ya kupumua huchelewa, oksijeni huisha bila onyo, na kijana huzimia chini ya maji kimya kimya. Wanaofia hivyo ni waogeleaji wazuri. Kocha akiwakamata mara ya pili huwatoa majini, awe mtoto wa nani, na huwaeleza sababu kwa utaratibu kama anayewafundisha darasani.

Sasa jinsi anavyowasahihisha wafanyakazi wake. Siku moja kijana kwenye kiti cha mteremko alikuwa amezama katika mawazo. Hakuwa na simu. Simu hubaki kwenye sanduku ofisini. Macho yalikuwa wazi na yameelekea majini, lakini aliyemjua angeona kwamba hayako pale. Msimamizi mwingine angempigia filimbi au kumwita kwa jina kutoka ng'ambo. Kocha hafanyi hivyo, kwa sababu ukimwita mtu hugeuka, na akigeuka maji hayana mtu. Alizunguka taratibu akasimama chini ya kiti, naye akayatazama maji.

"Una wangapi, kijana wangu?"

Kijana alikaa sawa. Akahesabu. "Kumi na wawili, Kocha."

"Mimi nina kumi na watatu."

Akahesabu tena, midomo ikitikisika. Wa kumi na tatu alikuwa msichana mdogo aliyeshikilia nguzo ya ngazi, maji yakimfika kidevuni, nusu yake ikiwa nyuma ya kivuli. "Kumi na watatu," akasema. "Haya," akajibu Kocha, akaenda zake. Hakumgombeza, na kijana hakuaibishwa mbele ya watu. Jioni, baada ya kufunga, walikaa wawili kwenye benchi wakaongea. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba swali lile humuuliza kila mmoja mara nyingi kwa siku, hata wanaofanya vizuri, ili lisiwe adhabu. Asiyejua idadi ya watu wake hawezi kujua kwamba mmoja amepungua.

Frank Pia, akiendelea kuchunguza vifo vilivyotokea mbele ya waokoaji, mwaka 1984 alitaja sababu tatu: mwokoaji hakutambua dalili, au alikuwa amepewa kazi nyingine, au mawazo yake yalivutwa kando. Ya pili ndiyo inayonikera, kwa kuwa haimhusu mwokoaji. Inamhusu aliyempa ufagio. Katika mabwawa yetu mengi kijana mmoja hukata tiketi, huokota majani, huleta soda mezani, na katikati ya hayo eti analinda maisha. Kocha aliwahi kuambiwa na waliomwajiri kwamba vijana walio kwenye viti wamekaa tu, wasaidie langoni siku za msongamano. Alijibu kwamba atakayesaidia langoni atakuwa amefunga sehemu yake ya maji, na wachague wenyewe ni sehemu ipi ifungwe. Walimwongezea mtu wa langoni.

Mara kwa mara, bila kumwambia mtu, huangusha majini mdoli uliojazwa mchanga, mkubwa kama mtoto wa miaka mitatu, kisha hutazama saa yake. Kanuni inayofundishwa na kampuni ya Jeff Ellis ya Marekani, na kuigwa kwingi, ni sekunde 10 za kumwona na 20 za kumfikia. Ni kanuni ngumu kuliko inavyosikika. Mwaka 2001 kampuni hiyo hiyo ilifanya majaribio zaidi ya 500 ya midoli katika mabwawa 90 nchini humo, na waokoaji walichukua kwa wastani dakika 1 na sekunde 14 kuutambua mdoli. Waliouona ndani ya sekunde 10 walikuwa asilimia 9. Kocha huwasomea vijana wake namba hizo ili wajue kwamba wanaochelewa ni watu waliofunzwa kama wao, na kwamba ni mazoezi tu yanayoweza kuupunguza muda ule. Mdoli ukichelewa kuonekana, kwanza hujiuliza kama kiti kilikuwa mahali pabaya au zamu ilikuwa ndefu, ndipo amtazame kijana.

Siku ya Idi na tarehe 26 Desemba ndizo zinazompima yeye mwenyewe. Watu hufurika. Anajua idadi ambayo macho aliyonayo yanaweza kuibeba, na ikifika hufunga lango. Nimemwona akisimama mbele ya baba mwenye watoto wanne waliovaa tayari, akatukanwa, akasema, "Samahani sana, baba. Wakitoka wengine nitakuita wewe kwanza," na akamwita kweli. Kila baada ya saa moja hupuliza filimbi ndefu na kumtoa kila mtu majini kwa dakika 10. Watu hulalamika. Maji hutulia, sakafu huonekana yote, watoto hujisaidia na kunywa maji, na waokoaji hupumzisha macho. Radi ikilia, hata kwa mbali, watu hutoka na hawarudi mpaka nusu saa ipite tangu mlio wa mwisho. Msimu wa masika hilo humgharimu mapato mengi, naye hulifanya bila kujadiliana na mtu.

Nimeshuhudia uokoaji mmoja tu hapo, na nusura nisiuone. Msichana wa takriban miaka minane alivuka kamba kwa chini. Filimbi fupi, kijana akaruka na boya lake, wakaibuka wote wawili, wakawa ukingoni. Nilimtafuta Kocha, na nikamkuta hatazami tukio. Alikuwa akikitazama kiti kilichoachwa wazi, na kilikuwa kimekwisha kukaliwa. Mwingine alishasimama katikati ya pande mbili kuziba pengo, mwingine alikuwa na sanduku la huduma ya kwanza mkononi. Alipohakikisha kila sehemu ya maji ina macho, ndipo alipopiga magoti kando ya mtoto. Mtoto alikuwa akikohoa na kulia, dalili njema. Kama asingekuwa akipumua, wangeanza na pumzi za mdomoni kabla ya kukandamiza kifua, kwa sababu moyo wa aliyezama husimama kwa kukosa hewa. Mama yake alitaka kumpeleka nyumbani. Kocha alimwomba ampeleke hospitali kwanza, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Kisha akaandika kila kitu kwenye daftari: saa, mahali, aliyekuwa kwenye kiti, amekaa dakika ngapi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu nusu yao wakiwa na umri chini ya miaka 30, na Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa kuliko maeneo yote. Kwetu wengi wao hufia ziwani, mitoni na visimani, si mabwawani. Lakini bwawani ndipo mtoto wa mjini anapoweza kujifunza kuogelea kabla hajakutana na ziwa, na hatajifunza mahali ambapo mzazi anaogopa kumwacha. Bwawa la Kasarani tulijengewa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na tangu hapo mabwawa ya shule, hoteli na mitaa yameongezeka sana Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Vigae na pampu tunazinunua. Nafasi ya msimamizi huwa ya mwisho kufikiriwa, na mara nyingi hupewa mtunza bustani juu ya kazi yake nyingine. Serikali za kaunti, shule na wenye mabwawa waifanye kuwa kazi kamili, yenye mafunzo, mshahara wa maana, na mamlaka ya kufunga lango bila kuomba ruhusa.

Nawe msomaji, likizo hii ukiwapeleka watoto, kabla ya kulipa uliza nani msimamizi wa bwawa, na ukae mpaka aje. Mtoto ambaye hajui kuogelea asiwe mbali zaidi ya urefu wa mkono wako, hata kama viti vyote vina watu. Ukiwa na swali lolote mwulize msimamizi. Aliye kwenye kiti usimsemeshe.